Sheria Inayomkataza Shofere Kujitilia Esansi

Katika Marekani liko jimbo moja, jina lake New Jersey, ambamo mwenye gari hana ruhusa ya kujitilia esansi kwa mkono wake mwenyewe. Sheria yasema kwamba mtumishi wa kituo, aliyefundishwa kazi hiyo, ndiye atakayeshika pompi. Na kituo kikimwachia mnunuzi aishike, kitatozwa faini. Sheria hiyo ni ya mwaka wa 1949, nayo ingali na nguvu hata leo. Wengine watacheka. Lakini sisi twaona kwamba ndani ya jambo hili dogo mna swali ambalo Wakristu wa kila inchi wapaswa kulifikiri: je, serikali ina haki ya kumkataza mtu kazi anayoweza kuifanya mwenyewe, ili mwingine apate chakula chake kwa kazi hiyo?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka wa 1888, mama mmoja wa Ujerumani, Bertha Benz, mke wa Carl Benz aliyeunda gari la moto, alisafiri kwa gari hilo pamoja na watoto wake wawili kutoka Mannheim mpaka Pforzheim. Njiani mafuta yalipungua. Akaenda kuyanunua katika duka la dawa, mahali paitwapo Wiesloch, kwa sababu vituo vya esansi havijakuwako bado. Hakuna sheria iliyomwuliza ni nani aliyeyamimina.

Baadaye esansi iliuzwa kwa makopo na ndoo, ikamiminwa kwa faneli, na moto ulizuka mara nyingi. Ndipo matangi yakafukiwa chini ya ardhi na pompi zikasimamishwa juu yake. Vituo vilipozidi, kazi ya pompi ikawa kazi ya mtumishi aliyevaa vizuri. Alitia esansi, akafuta kioo, akapima mafuta ya mashini, akatazama pumzi ya magurudumu. Miaka ile hakuna mtu aliyefikiri kwamba mnunuzi angeweza kujitumikia.

Jambo likageuka mwaka wa 1947 katika mji wa Los Angeles. Mfanya biashara mmoja, Frank Urich, alifungua kituo ambamo wenye magari walijitilia esansi wenyewe, na kwa hiyo walilipa senti chache kuliko penginepo. Watu walimiminika kwake. Wenye vituo vingine hawakufurahi. Wakuu wa vikosi vya zimamoto nao walisema kwamba esansi si maji ya kisima. Baada ya muda majimbo mengi yalikuwa na sheria ya kukataza desturi hiyo mpya.

Habari za New Jersey ndizo zinazofundisha zaidi. Bwana Irving Reingold alifungua kituo chenye pompi 24 karibu na mji wa Hackensack. Wenye vituo wengine waliuza galoni moja, yaani karibu litri 3.8, kwa senti 21.9. Yeye aliwaambia watu: Jitilieni wenyewe, nami nitawauzia kwa senti 18.9. Senti tatu kwa galoni si kitu kidogo kwa mtu anayekwenda kazini kila siku kwa gari. Magari yakapanga mstari mrefu. Yasimuliwa kwamba adui zake walikipiga kituo chake risasi, naye akaweka vioo visivyopenywa na risasi. Walipoona kwamba risasi hazikumtisha, wenye vituo walikwenda kwa watunga sheria, na mwaka ule ule wa 1949 sheria ikatoka. Bwana Reingold alipeleka shauri lake mpaka tribinali kuu ya jimbo. Mwaka wa 1951 tribinali ikaamua kwamba sheria ni halali.

Basi, kwa ajili ya nani sheria hii iliandikwa? Katika maneno yake twasoma juu ya hatari ya moto, juu ya injini zisizozimwa na watu wanaovuta sigara, juu ya harufu mbaya ya esansi inayoweza kuwadhuru mama wenye mimba. Maneno hayo si ya uongo. Mtu yeyote wa Kivu anayekumbuka tarehe 2 Julai 2010, siku ile gari la mafuta lilipopinduka kule Sange, na watu zaidi ya 200 wakateketea, hahitaji kufundishwa kwamba esansi yaua. Lakini sababu inayoandikwa si sikuzote ile iliyo moyoni. Kama moto ndio uliotisha, mbona hofu ilizidi siku ile bei iliposhuka?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa faida ya watu wote, linalotolewa na yule anayewatunza na kutangazwa kwao. Faida ya watu wote: haya ndiyo maneno ya kupimia. Sheria inayolinda mfuko wa wauzaji wachache huku ikijifunika nguo ya zimamoto ina kilema tangu kuzaliwa. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa na kilema aweza kukua na kufanya kazi njema, na twazani ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu katika New Jersey.

Maana tuangalie yaliyofuata penginepo. Mwaka wa 1964, katika mji wa Westminster, jimbo la Colorado, chombo kipya kiliwekwa: muuzaji aliyekaa ndani ya duka aliweza kufungua na kufunga pompi iliyo nje bila kusimama. Mwaka wa 1973 inchi za Waarabu zilikataa kuwauzia Wamarekani mafuta, na katika miezi michache bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi mpaka karibu 12. Basi kila senti ikahesabiwa, na wanunuzi wakakubali kushuka garini. Majimbo yakafuta sheria zao moja baada ya jingine. Vituo havikuteketea kama ilivyohofiwa, kwa sababu pompi za siku hizi hujifunga zenyewe tangi likijaa. Lakini yule kijana aliyefuta kioo alitoweka. Hakuna aliyemfukuza kwa hasira. Nafasi yake tu haikuwako tena.

Mwaka wa 1981, katika barua yake juu ya kazi, Papa Yohane Paulo wa Pili alionya kwamba mashini, iliyo msaidizi wa mtu, yaweza kugeuka kuwa kama adui yake ikimnyang'anya kazi. Hakusema mashini zivunjwe. Alisema kazi ni kwa ajili ya mtu, wala si mtu kwa ajili ya kazi. Wabrazili walilifuata wazo la namna hiyo kwa njia yao: sheria yao ya tarehe 12 Januari 2000 yakataza pompi za kujitumikia katika inchi nzima. Wajapani walikwenda upande mwingine: walikuwa wamekataza kwa sababu ya moto, kisha mwaka wa 1998 wakaruhusu.

Kwetu Kongo pompisti angali mahali pake, anapokea feza kwa mkono mmoja na kushika pompi kwa mwingine. Tena tunao wale vijana wa barabarani wenye bidoni na chupa, ambao watu huwaita Kadafi, kwa jina la yule mkuu wa Libia, inchi yenye mafuta mengi. Kazi yao ni ya hatari kuliko ya pompisti yeyote wa New Jersey, na hakuna sheria inayofikiri mapafu yao.

Sisi twaona hivi. Serikali inaweza kulinda kazi ya wanyonge kwa sheria, na si zambi shofere akizuiwa kidogo kwa ajili hiyo. Lakini ni lazima iseme wazi kwamba ndiyo sababu, na tena itazame mshahara. Maana kumwekea mtu kazi kwa sheria na kumlipa kiasi kisichotosha kulisha watoto ni kumfunga kwenye pompi tu. Wanaosema kwamba sheria hii hupandisha bei hawana budi kujibu jambo moja: kwa miaka mingi esansi ya New Jersey ilikuwa ya bei ndogo kuliko ile ya majirani, kwa kuwa kodi yake ilikuwa ndogo, mpaka ilipoongezwa senti 23 kwa galoni mwaka wa 2016. Mtumishi wa pompi hakuwa ndiye mzigo mkubwa.

Jimbo la Oregon, lililokuwa na sheria kama hiyo tangu 1951, liliandika sababu 17. Kati yake ziko za kweli kabisa: wazee na vilema wasioweza kushuka, watoto wadogo wanaobaki peke yao garini mzazi akienda kulipa, watu wanaokosa kazi. Mwaka wa 1982 wananchi walipigia kura shauri la kuifuta, wakakataa. Kisha ililegezwa polepole, kwanza katika sehemu zenye watu wachache, ambako usiku shofere hakupata mtu wa kumtilia. Mwezi wa Agosti 2023 Gavana Tina Kotek alitia sahihi sheria mpya: katika sehemu zenye watu wengi, nusu ya pompi zaweza kuwa za kujitumikia, nusu ziwe na mtumishi, na bei iwe moja pande zote mbili. Hilo la bei ndilo linalotupendeza, kwa maana mzee asiyeweza kushuka hatalipa zaidi kwa ajili ya uzaifu wake.

New Jersey imebaki peke yake. Mwaka wa 2006 Gavana Jon Corzine alitaka kujaribu kuwaachia watu wajitilie. Wananchi walipiga kelele, naye akaliacha shauri. Mwaka wa 2022 wazo hilo lililetwa tena mbele ya watunga sheria, likakwama. Mpaka sasa shofere akitoka Pennsylvania na kuvuka mto Delaware, kisha akashuka kituoni na kunyosha mkono kwenye pompi, mtumishi humwendea upesi na kumwambia arudi kuketi garini.