Chapa za Mkono: Kabla ya Kisutu cha Mashine

Hivi karibuni alinijia biharusi na kitambaa chekundu cha Kihindi nimshonee. Ameuziwa ghali, akaambiwa ni chapa ya mkono. Nikakitandaza mezani, nikatazama ua moja moja. Yote sawasawa, hakuna hata moja lililosogea. Ni cha mashine. Alilia, maana pesa zile alizidunduliza mwenyewe. Nikaona leo tuzungumze chapa ya mkono ni nini, na sisi inatuhusu vipi.

Kutch iko Gujarat, magharibi ya India. Watu wake si wageni kwetu. Walikuja Unguja kwa majahazi, na katika karne ya 19 ukoo wa Jairam Shivji kutoka Kutch ulisimamia forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Huko Kutch wako mafundi Waislamu wa ukoo wa Khatri, wanaopiga chapa iitwayo ajrakh. Baba humfundisha mwana.

Kwanza kitambaa cha pamba hufuliwa vizuri, kisha huchovywa katika maji ya tunda liitwalo harda ili kishike rangi. Fundi huchukua kibao cha mti kilichochongwa nakshi, akakitia rangi na kukigonga kwa mkono, safu baada ya safu. Panapotakiwa kubaki peupe hukingwa kwa chokaa na gundi ya mti. Weusi hutoka kwenye chuma chakavu kilicholowekwa na sukari guru mpaka ikachacha. Buluu ni nili, na wekundu wa asili hutoka kwenye mizizi. Kufua, kuanika na kuchovya hurudiwa tena na tena, kwa hiyo nguo moja huchukua wiki kadhaa.

Rangi za viwandani zilipoingia, kazi hii ilikaribia kupotea. Katika miaka ya 1970 mzee Mohammad Siddik Khatri wa kijiji cha Dhamadka alizirudia rangi za asili na kuwafundisha wanawe. Kisha likaja tetemeko la tarehe 26 Januari 2001. Nyumba zilianguka, na maji ya kijiji yakazidi chuma, yakawa yanaharibu rangi. Familia nyingi zikahamia mahali papya karibu na Bhuj, wakapaita Ajrakhpur. Walipoteza nyumba, kazi hawakuiacha.

Na sisi je? Leso ilianza kwa vitambaa vya Kireno vilivyoungwa pamoja, na jina lenyewe ni la Kireno. Mwisho wa karne ya 19, hapa Unguja nguo zilipigwa chapa kwa mkono pia. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake wengi walioachiwa huru waliacha kaniki na merikani, nguo zilizowatambulisha kama watumwa, wakajifunga kanga. Kwao kanga ilikuwa stara na heshima. Baadaye viwanda vya ng'ambo vilichukua kazi, na kisutu chetu cha nyekundu, nyeusi na nyeupe, kile kisicho na jina, siku hizi ni cha mashine. Si aibu kukivaa. Aibu ni kumuuzia mtu cha mashine kwa jina la mkono.

Kwa hiyo biharusi, kabla hujatoa pesa, tandaza nguo. Tafuta mahali vibao vilipokutana: utaona ua limesogea kidogo, rangi imezidi hapa, imepungua pale. Geuza nyuma uone rangi imeingia kiasi gani. Muulize muuzaji imetoka wapi, na nani kaifanya. Muuzaji mkweli hatakasirika.

Tunafundishwa kwamba Nabii Dawud (a.s.) alikula kwa kazi ya mikono yake. Anayefanya kazi ya mikono anastahili malipo yake, na anayenunua anastahili ukweli. Yule biharusi nilimshonea kitambaa chake hivyo hivyo, na alipendeza mashaallah. Lakini safari nyingine atauliza kwanza.

Allah azitie baraka ndoa zenu na mikono yenu. Amin.