Pamba ya Lancashire

Watu wengi hudhani kwamba nchi hutajirika kwa kuuza vitu ambavyo ardhi yake yenyewe huvizaa. Lakini jimbo la Lancashire, lililo kaskazini-magharibi ya Uingereza, halikuvuna pamba yake lenyewe, kwa kuwa baridi ya huko haiuruhusu mmea huo kusitawi. Na juu ya hayo, kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja, liliivika nguo sehemu kubwa ya dunia. Yafaa tuangalie jinsi jambo hilo lilivyoanza, na jinsi lilivyokoma.

Lancashire ilijaliwa mambo matatu: mito iteremkayo kutoka milimani, makaa ya mawe chini ya ardhi, na hewa yenye unyevu, ambayo huufanya uzi usikatike upesi. Mwaka 1769 Richard Arkwright alipata hati ya kulinda mashine yake ya kusokota uzi, iliyokuja kuendeshwa kwa nguvu za maji. Baadaye mvuke ukashika mahali pa maji. Pamba iliteremshwa katika bandari ya Liverpool, na tangu mwaka 1830 ilichukuliwa kwa gari moshi mpaka Manchester. Nguo zilirudi kwa njia ile ile, zikaenda Bara Hindi, Uchina, Amerika ya Kusini na Afrika.

Biashara hiyo ilikuwa na aibu yake. Sehemu kubwa ya pamba hiyo ililimwa na watumwa katika majimbo ya kusini ya Marekani. Vita vilipozuka huko mwaka 1861, bandari za kusini zilizingirwa, pamba ikaadimika, na viwanda vingi vya Lancashire vikafungwa. Maelfu ya watu walipata njaa. Si wote waliokuwa na moyo mmoja. Lakini tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikusanyika wakamwandikia Rais Abraham Lincoln, wakimwunga mkono katika kuwakomboa watumwa. Naye aliwajibu mwezi uliofuata, akiwasifu kwa ushujaa wao. Walikuwa na njaa, lakini hawakutaka kushiba kwa jasho la mtumwa.

Vita vilipokwisha, biashara ilifufuka ikazidi kukua. Mwaka 1913 Uingereza iliuza ng'ambo nguo za pamba zipatazo yadi milioni 7,000, na mnunuzi mkubwa kupita wote alikuwa Bara Hindi. Lakini hapana marefu yasiyo na ncha. Wahindi na Wajapani walikuwa wamekwisha kujenga viwanda vyao wenyewe, na Vita Kuu ya mwaka 1914 iliwapa nafasi ya kuvipanua. Tena Mahatma Gandhi aliwahimiza watu wake waache nguo za kigeni, wasokote uzi wao kwa mikono. Mwaka 1931 alikwenda Lancashire mwenyewe, akawaeleza wafanyakazi waliokosa kazi juu ya umaskini wa Bara Hindi, nao wakampokea kwa heshima. Kufikia mwaka 1938 mauzo yalikuwa yameshuka hata yakawa kama sehemu moja katika tano ya yale ya 1913; na mwaka 1958 Uingereza ilinunua nguo za pamba nyingi kuliko ilizouza.

Habari hizi hazituhusu kwa mbali tu. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na muda mfupi baadaye wakulima wa Uganda walianza kupewa mbegu za pamba. Mavuno yao yalipita katika nchi yetu kwenda kusokotwa ng'ambo, kisha nguo zikaletwa tuzinunue. Aliyeuza pamba alipata kidogo. Aliyeigeuza kuwa nguo alipata zaidi. Lakini hata huyo wa pili, mnunuzi alipojifunza kusokota, alibaki na mashine zisizo na kazi. Basi kila taifa na lijiulize mambo mawili: linauza nini, na wanunuzi wake watajifunza nini kesho?