Rejeta Moja, Kazi Mbili

Mtu wa Juba akisikia neno rejeta hufikiria lori au jenereta. Ni kile chombo cha mirija myembamba kinachokaa mbele ya injini na kupoza maji yake. Mji wetu una joto linalopita nyuzi 35 katika miezi ya kiangazi, kwa hiyo hakuna anayefunga chombo cha kuongeza joto chumbani. Ndiyo maana nilishangaa siku moja ya Januari shangazi yangu, ambaye anaishi Uingereza, aliponipigia simu jioni na kusema, "Mwanangu, rejeta ya chumba cha watoto haipati moto."

Shangazi alinipigia mimi kwa sababu anajua kwamba wakati wa likizo humsaidia fundi wa jenereta hapa mjini. Mwenye nyumba wake alikuwa amemwambia asubiri siku kumi, na mtoto wake mdogo alikuwa anakohoa usiku kucha. Nilimwambia, "Shangazi, rejeta ninazozijua mimi kazi yake ni kupoza." Lakini nilipoanza kusoma historia ya chombo hiki, niligundua kwamba rejeta yake na rejeta yetu ni kitu kimoja. Zote mbili hupokea maji ya moto na kuyatoa joto lake hewani. Tofauti ni kwamba huku Juba joto hilo tunalitupa, na huko wanalitaka.

Rejeta ya nyumba ndiyo iliyotangulia. Kati ya 1855 na 1857, Franz San Galli, mfanyabiashara mzaliwa wa Prussia aliyeishi St. Petersburg nchini Urusi, alitengeneza chombo cha chuma cha kupasha vyumba joto kwa maji ya moto. Katika mitambo mingi ya zamani ya aina hiyo hapakuwa na pampu. Maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda, yakipoa huwa mazito na kushuka, na hivyo huzunguka yenyewe.

Injini za magari zilikuja baadaye zikiwa na shida iliyo kinyume chake. Gari la Karl Benz la 1886 lilipozwa kwa maji yaliyochemka na kupotea hewani, na dereva alilazimika kuongeza mengine njiani. Kufikia 1901 Wilhelm Maybach alikuwa ameunda rejeta ya gari la Mercedes yenye mirija midogo 8,070, ili hewa ipite katikati yake na maji yaleyale yatumike tena na tena. Gari la Ford la Model T, lililoanza kuuzwa 1908, kwa miaka mingi lilizungusha maji bila pampu, kwa kanuni ileile ya maji ya moto kupanda na ya baridi kushuka.

Juba ilizijua rejeta kwa njia hiyo ya injini. Bidhaa zetu nyingi huletwa na malori kutoka Mombasa na Kampala kupitia Nimule, na barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba ilikamilika 2012. Tulipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, mji haukuwa na umeme wa kutegemewa, na hoteli, ofisi na hospitali ziliendeshwa kwa jenereta zao wenyewe. Kituo cha umeme cha megawati 33 kilizinduliwa Novemba 2019, lakini nacho kinatumia injini za mafuta, na jenereta za watu binafsi hazijaondoka.

Uingereza nayo ina historia yake. Zamani nyumba nyingi zilipata joto kutoka kwenye meko ya makaa ya mawe. Desemba 1952 moshi mzito uliifunika London kwa siku kadhaa na kuua maelfu ya watu. Mwaka 1956 Bunge lilipitisha Sheria ya Hewa Safi, na baada ya gesi kupatikana katika Bahari ya Kaskazini, majiko na mitambo ya gesi ya nchi nzima ilibadilishwa kati ya 1967 na 1977 ili itumie gesi hiyo. Boila ya gesi, pampu na rejeta kila chumbani vikawa mambo ya kawaida. Rejeta ya shangazi ilitokana na historia hiyo.

Sasa nirudi kwenye simu. Nilijibu haraka kwamba kuna hewa ndani, kwa sababu katika jenereta hewa iliyonaswa huzuia maji kuzunguka. Nilimwambia azime mtambo, asubiri upoe, kisha alegeze kile kiskrubu kidogo cha juu. Hakuna hewa iliyotoka. Yalitoka maji tu, naye kwa kufuata maneno yangu akayaacha yatoke mpaka yakajaa bakuli. Alipowasha tena, boila ilikataa kuwaka, kwa sababu presha ya maji ilikuwa imeshuka mno. Usiku ule nyumba nzima ikawa baridi, si chumba kimoja tu. Walilala wote pamoja chini ya mablanketi, nami Juba sikupata usingizi.

Asubuhi nilimweleza fundi wangu. Hakujawahi kuiona rejeta ya nyumba, lakini aliniuliza swali moja tu: "Joto limefika wapi, na limekwama wapi?" Alinikumbusha kwamba kabla ya kufungua chochote kwenye jenereta, sisi hukagua mipira inayoingia na kutoka kwenye rejeta. Injini ikichemka huku rejeta imebaki baridi, mara nyingi themostati imekwama.

Nilimpigia shangazi tena. Kwanza tulirudisha maji kupitia bomba la kujazia lililo chini ya boila mpaka geji ikasoma kati ya 1 na 1.5. Boila ikawaka. Kisha nikamwomba aguse rejeta kwa uangalifu na kunieleza. Ikiwa ya moto chini na baridi juu, ni hewa. Ikiwa ya moto juu na baridi chini katikati, ni tope jeusi la kutu. Ikiwa rejeta kadhaa za mbali ndizo baridi, mgawanyo wa maji au pampu ndiyo ya kuchunguzwa. Shangazi akasema, "Bomba linaunguza mpaka kwenye vali, lakini rejeta yote ni baridi kama jiwe."

Basi joto lilikuwa limekwama kwenye vali. Vali za aina hiyo zilibuniwa na Mads Clausen wa Denmark mwaka 1943. Ndani ya kichwa chake kuna kitu kinachovimba kikipata joto na kusukuma pini ndogo ya chuma ili kuzuia maji, na kanuni hiyo ya kuvimba ndiyo inayotumika katika themostati ya injini, ingawa yenyewe ikipata joto hufungua njia ya maji. Vali ikifungwa majira yote ya joto, pini huweza kunasa. Shangazi alifungua kichwa cha vali kwa mkono, akaiona pini imezama. Aliibonyeza taratibu kwa ubao wa kukatia mboga, mara kadhaa, mpaka ikaanza kupanda yenyewe. Baada ya robo saa alinipigia akicheka. Rejeta ilikuwa ya moto juu hadi chini.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na jibu kabla ya kuuliza, na waliolipia haraka yangu ni watoto waliolala kwenye baridi. Siku hizi shangazi huzungusha vali zote mara moja kwa mwezi, hata wakati wa joto. Nilipomweleza fundi, alitazama jenereta iliyokuwa ikipuliza hewa ya moto mbele yetu, akasema, "Kumbe huko wanalilia hili tunalolitupa."