Rezistansi: neno moja, watu wengi

Ukiwauliza wanafunzi wetu rezistansi ni nini, wanajibu paka vita: Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, ao askari Watetela walioasi kule Luluabourg mwaka 1895. Hawakosei. Lakini siye wa Katanga tuko na sababu ya kulipima neno hili vizuri zaidi.

Mwezi wa tano 1940 Ujerumani iliteka Ubelgiji. Wabelgiji waliokataa kutii, wakaficha watu, wakachapa magazeti ya siri, wakaharibu reli, wao waliitwa rezistansi, na kisha vita walipewa medali. Huku kwetu shaba ilikuwa inachimbwa kwa nguvu juu ya vita ileile. Bei ya vitu dukani ilipanda, mushahara ukabakia nyuma. Mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanyakazi wa Union Minière wakagoma, wakaomba waongezewe franka. Tarehe 9, katika uwanja wa mpira wa Elisabethville (ndiyo Lubumbashi ya leo), askari walipiga watu risasi. Léonard Mpoyi, musemaji wao, alikufa pale pamoja na makumi ya wengine. Hawa, serikali iliwaona kuwa watu wa fujo tu. Utawala ni uleule, vita ni ileile, lakini neno la heshima lilivuka upande mmoja.

Wazee hawakusema rezistansi. Walisema kukataa, na kukataa kuko na njia mingi. Sheria ya 1917 ilileta kilimo cha lazima, mpaka siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942 zikafika 120. Watu wa vijiji wakahamia porini, mbali na barabara. Wengine walipanda pamba kwa kuchelewa, wakaacha majani iifunike. Ao walimupa Muzungu jina la kucheka, naye akaitikia bila kuelewa! Mambo hayo haionekani katika orodha ya vita.

Tangu 1998 kila kundi lenye bunduki linajiita rezistansi. Mayi-Mayi walipopigana na majeshi ya kigeni, watu wengi waliwakubalia jina hilo. Lakini anayeweka kizuizi barabarani na kunyang'anya mama muhogo wake, anamukatalia nani? Katika somo letu tungemuandika kwanza yule mama, anayezunguka njia ya porini mpaka muhogo ufike sokoni.