Moto wa Tumbo Wakati wa Baridi: Sura Moja ya Tiba ya Kale ya Kihindi

Miongoni mwa vitabu vya kale vya Ayurveda, yaani tiba ya Kihindi, Caraka Samhita kina heshima ya pekee. Kina sehemu 8 na sura 120, nacho kilipita mikononi mwa wengi: mafundisho yasemekana kuwa ya Agnivesha, Caraka akayatengeneza upya, na baadaye Dridhabala akazijaza sura zilizokosekana. Sura ya 6 ya sehemu ya kwanza yahusu majira ya mwaka, ambayo huhesabiwa kuwa 6. Mawili ni ya baridi: hemanta, na shishira inayoifuata.

Msomaji angetazamia kuambiwa kwamba baridi hulidhoofisha tumbo. Kitabu chasema kinyume. Upepo wa baridi ukiugusa mwili, joto hufungiwa ndani, na agni, moto wa tumbo, hupata nguvu ya kusaga vyakula vizito na vingi. Hapo ndipo hatari inapozaliwa: moto usiopewa kuni hugeuka ukala majimaji ya mwili wenyewe, na vata, ambayo kwa tabia yake ni baridi, ikachafuka.

Kwa hiyo mtu ashauriwa kula vyenye mafuta, chumvi na uchachu: nyama nono za wanyama wa majini na wa mabwawani, maziwa, vitu vya muwa, mchele mpya, tena anywe maji ya moto. Hata pombe imetajwa waziwazi. (Wanaodhani kwamba Ayurveda tangu mwanzo ni mafundisho ya watu wasiokula nyama hawajaisoma sura hii.) Mwili na kichwa vipakwe mafuta, jasho litolewe, jua liotwe, mtu alale katika chumba cha ndani au kilichochimbwa chini ya ardhi, akijifunika blanketi nzito, ngozi na hariri, na kujipaka aguru, ambayo watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki huiita udi. Ajiepushe na upepo mkali, chakula chepesi, chakula kichache, na unga uliokorogwa kwa maji. Yaonekana wazi ni mgonjwa wa namna gani aliyekusudiwa. Mkulima ambaye unga na maji ndivyo pekee alivyo navyo hakuwekewa shauri lolote katika mistari hiyo.

Neno dosha, ambalo vata ni mojawapo, limewapotosha wafasiri wengi. Wazungu walilifananisha na majimaji manne ya tiba ya Kiyunani. Lakini vata maana yake ni upepo, wala si kitu cha majimaji, na mzizi wa dosha ni dush, kuharibika. Kinachotafutwa ni samya, usawa, nao hausimami mahali pamoja. Maana kapha, yaani makamasi yaliyokusanyika wakati wa baridi, huyeyushwa na jua la majira yanayofuata, ikausumbua moto uleule. Ndipo mtu hutapishwa, na vyakula vizito vyenye mafuta na uchachu, vilivyomwokoa katika hemanta, hukatazwa.