Lori la pamba, tairi za ndala

Ukitaka kujua ni magari gani yaliyotembea barabara za Usukumani miaka iliyopita, waulize wazee waliunda nini walipokuwa watoto. Mtoto wa Magu au Misungwi hakuwa na picha ya kuigiza, alikuwa na barabara. Vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba vilipoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, kila msimu malori yalipishana kupeleka marobota na magunia. Nyuma ya vumbi lake yakazaliwa malori madogo ya mabua, magurudumu yake udongo wa mfinyanzi uliokaushwa juani.

Mabua yana adui mmoja, mvua. Ndiyo maana waya ukashinda.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana wengi huliita gari la waya mchezo wa kitoto na kupita. Fundi wake alianza na kipande cha seng'enge, akakinyoosha kwa jiwe hadi kikanyooka kweli. Akapinda chasi kwanza, kisha kabini, kisha bodi. Viungo alivifunga kwa waya laini wa kufungia nondo au kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Bati la kopo likawa boneti na milango. Tairi zilikatwa kwa wembe kutoka kwenye soli ya ndala, na visoda vikawa taa. Usukani ulipanda kwa waya mrefu hadi kifuani, ili dereva akimbie wima huku akikata kona.

Huko Marekani, kampuni ya AMT ilianza mwaka 1958 kuuza magari ya plastiki ya kuunganisha nyumbani, vipande vyote vimo ndani ya boksi, kipimo 1 kwa 25. Kwetu kipimo kilikuwa jicho. Ukikosea urefu wa kabini, wenzako walikwambia hilo si Leyland.

Mimi niliunda langu mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, dukani hakuna kitu. Hakuna aliyethubutu kukata ndala nzima. Nilingoja miezi hadi malapa ya kaka yangu yalipotoboka kisigino, nikapata tairi nne za mbele na za nyuma, na ya akiba moja. Ile ya akiba ndiyo niliyoipenda zaidi, kwa sababu lori la kweli huwa nayo.

Soko lilipofunguliwa, barabara ikabadilika na waya ukaifuata. Zikaja Hiace za daladala zenye keria juu, baadaye bajaji. Yakaja pia magari ya kuchezea ya plastiki kutoka China, yaliyokwisha kuundwa.

Lakini utaalamu wangu wa malori niliupata utotoni, pale Kigongo. Foleni ya kivuko cha kwenda Busisi ilikuwa ndefu, na madereva walikuwa wakilala kivulini. Tulilala kifudifudi chini ya Scania, tukahesabu majani ya springi, tukafuata propela shafti kwa kidole hadi kwenye difu. Tangu 2025 daraja la kilomita 3 limeondoa foleni ile, na ninalifurahia kila ninapovuka na mgonjwa au mzigo. Lakini lori sasa linapita kwa dakika chache, na mtoto aliyesimama ukingoni huliona ubavu tu.