Kilichoichelewesha TIG Kufika Jericho

Magrili na mageti ya Jericho ni kazi ya kuchomelea kwa rodi. Baraza la Jiji la Nairobi liliujenga mtaa huu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya wafanyakazi. Ofafa Jericho ikapewa jina la diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa 1953, na Jericho Lumumba jina la Patrice Lumumba, aliyeuawa Januari 1961. Wakati huo TIG, njia ya kuchomelea kwa ncha ya tangisteni na gesi, ilikuwa na umri wa miaka ishirini, lakini fundi wa mtaani hakuwa na haja nayo, wala uwezo wa kuinunua.

TIG ilianzia kwenye ndege za vita. Mwaka 1941, katika kampuni ya Northrop huko California, Russell Meredith alikuwa akitafuta njia ya kuunganisha magnesiamu, madini mepesi ambayo yakipata moto penye hewa huweza kuwaka. Alichukua ncha ya tangisteni, ambayo haiyeyuki hadi nyuzi 3,422 za Selsiasi, akaizungushia gesi ya heliamu ili hewa isiguse metali inayoyeyuka. Wazo la gesi lilikuwapo tayari: Hobart na Devers, Wamarekani wawili, walikuwa wamelipatia hataza mwaka 1930. Baadaye argoni ilishika nafasi ya heliamu sehemu nyingi. Gesi hiyo ni karibu asilimia moja ya hewa tunayovuta, ila kuitenga kunahitaji kiwanda cha kupoza hewa mpaka iwe kimiminika.

Hapo ndipo mtaa ulipoachwa nyuma. Rodi ya kawaida imepakwa dawa, na dawa hiyo ikiungua hutoa moshi wa kuukinga mshono. Yaani rodi hubeba gesi yake yenyewe. Kwa hiyo fundi wa jua kali alihitaji stima, rodi na transfoma, na transfoma hiyo mara nyingi ilisukwa na fundi mwenzake kwa waya wa shaba. Hata Rais Moi alipozuru Kamukunji mwaka 1985 na kuagiza mafundi wajengewe vibanda, wengi walikuwa wakifanya kazi nje kabisa. TIG haipendi nje. Argoni hutoka lita 8 hadi 12 kwa dakika, polepole, na upepo kidogo tu unaipeperusha. Mshono unabaki na vitundu na rangi ya masizi. Nadhani kibanda chenye kuta tatu kimeisaidia TIG kuliko mafunzo mengi.

Vifaa vyake vinadai adabu. Ncha ya tangisteni husagwa kwa urefu, si kwa kuizungusha, la sivyo moto hutangatanga. Ikigusa chuma kilichoyeyuka, hata kwa bahati mbaya, huchafuka, na fundi anazima, anakata, anasaga upya. Zile zenye rangi nyekundu kichwani zina thoriamu, ambayo ina mionzi kidogo. Vumbi lake si la kupuliziwa usoni, na ndiyo sababu wengi duniani wamehamia zile za lanthanamu. Mbele ya tochi hukaa kikombe cha kauri, rahisi kuvunjika kama sahani ya chai. Nyuma yake kuna mpira wa gesi, saa ya kupimia mtiririko na mtungi.

Kilichobadilisha mambo ni mashine za inveta. Transfoma ya zamani ilihitaji wanaume wawili kuibeba. Inveta huning'inizwa begani. Wakati huohuo wajenzi wa maghorofa wakaanza kutaka vishikio vya ngazi vya steinlesi, na wenye hoteli wakataka meza na makabati ya jikoni yanayong'aa. Bomba jembamba la steinlesi ukilichomelea kwa rodi, mara hutoboka, mara huacha makovu. Pesa ilikuwapo, na TIG ikafuata pesa.

Mtungi bado ndio unaobana. Mashine hununuliwa mara moja, argoni hununuliwa kila inapoisha, na anayeujaza si jirani wa kukopesha.

Ajabu ni kwamba inveta nyingi za bei nafuu hutoa umeme wa mkondo mmoja tu, unaofaa chuma na steinlesi. Alumini huhitaji umeme unaogeuka pande mbili ili kuvunja utando wa oksidi ulio juu yake, na mashine ya namna hiyo bei yake hupanda sana. Kwa hiyo njia iliyobuniwa kwa ajili ya madini mepesi ya ndege huchomelea vishikio vya ngazi, na kava ya injini ya alumini iliyopasuka hutafutiwa fundi mwenye mashine kubwa zaidi.